Chakula cha Saa Kumi

Nekesa aliponipigia simu kuniambia amehamia Kahawa Sukari kwa mwanawe, nilimwambia asinichezee, mimi ni mtu mzima na presha ninayo. Tulikuwa tumeachana tukiwa wasichana wa kuteka maji, na namba yangu aliipata kwa mama mmoja wa kanisa ambaye kazi yake kubwa duniani ni kujua nani yuko wapi. Kutoka Membley, ninakoishi na binti yangu, hadi kwa Nekesa si safari ya kubeba chakula. Mjukuu wangu Kevo alinipeleka na gari Jumapili baada ya ibada, huku akilalamika kwamba nimevaa viatu vya harusi kwenda kunywa chai. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni kwa mkongojo, amenenepa, nywele nyeupe pepe, na kabla sijafika kwenye ngazi alinipigia kelele: "Wanjiru, kumbe na wewe ulizeeka!" Tulishikana hapo hapo tukalia kidogo, tukacheka, vijana wakageuza nyuso zao kwa aibu. Halafu tukaingia ndani, nikaona kwenye meza, kando ya chupa ya chai, sahani ya vikeki vidogo vya mviringo, ukingo wake umefinywa kwa vidole na katikati jamu ya nanasi inang'aa. Nilisahau kuketi. Kevo akaniambia, "Shosho, ni biskuti tu, chukua." Biskuti tu! Nilichukua kimoja, nikauma, na ule unga ukavunjika mdomoni vile vile ulivyovunjika mwaka ule wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Harusi nilizokwenda nimezipoteza hesabu, keki za ghorofa nimekula, lakini kile kidude sikuwa nimekigusa tena tangu Ruiru. Nekesa aliniangalia tu. Alijua alichokuwa akifanya, huyo bibi.

Siku hizi watu wakitoa ushuhuda kanisani, wanamshukuru Mungu kwa gari, kwa viza, kwa mtoto kupita mtihani. Ni sawa, hata mimi nimeshukuru kwa hayo. Lakini tangu Jumapili ile ninajiuliza kwa nini sijawahi kusimama mbele ya watu na kushukuru kwa debe moja lililolazwa ubavu juu ya mawe matatu, na kwa mwanamke wa mbali ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuhangaika na sisi. Labda niliogopa wangecheka. Pasta wetu ni kijana, angedhani nimeanza kuchanganyikiwa, angemwita binti yangu pembeni. Basi wacha niseme hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Tulikaa katika shamba la kahawa nje ya Ruiru, kwenye laini, yaani zile safu za vyumba vya wafanyakazi, kila familia na chumba chake kimoja. Chetu kilikuwa na kitanda cha mbao upande wa ukuta wa ndani, na Mama alikuwa amebandika ukutani karatasi za magazeti ili vumbi la udongo lisimwangukie mtoto. Meko yalikuwa karibu na mlango, mimi na ndugu yangu Kamau tulilala mkekani, na ukifunga mlango huoni hata mkono wako. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Thika kutafuta mbegu za maharagwe, na siku hiyo askari wakazingira soko, wakawakusanya wanaume Wakikuyu, wakawapandisha malori. Tulisikia yuko kambini, kambi gani hatukujua. Mama alikuwa mjamzito. Alichuma kahawa hadi tumbo likamzuia kufika kwenye mti, akajifungua msichana, akamwita Wambui kwa jina la mama yake mzazi.

Ninyi mliozaliwa juzi mnasema "kwenda kuona mtoto," mnabeba nepi na sabuni. Kwetu mzazi aliletewa uji, kuni, na njahi. Njahi ni ile kunde nyeusi yenye mstari mweupe, hupondwa na ndizi, na kila mwanamke wa Kikuyu anajua inaliwa kwa ajili gani: inarudisha damu, inaleta maziwa. Mzazi hula njahi mpaka aichoke. Mwaka ule, ingawa kukusanyika kulikatazwa na nyapara alikuwa na macho kila mahali, wanawake walikuja mmoja mmoja, kibakuli chini ya leso, wakamlisha Mama, wakamcheka kwamba safari hii mtoto amefanana na Baba hata kwa masikio. Nakumbuka harufu ya chumba kile, moshi na maziwa na njahi. Hatukuwa na chochote na Mama alikuwa anaimba.

Wambui alishikwa na kikohozi wakati wa mvua. Sitaeleza. Alizikwa asubuhi, na wanawake wale wale waliokuwa wakija na vibakuli walikuja na mikono mitupu, wakaketi kidogo, wakaondoka. Usiwalaumu. Utampelekea nini mwanamke aliyefiwa na mtoto wa titi? Uji ni wa mzazi. Njahi ni ya mzazi. Kumpelekea njahi mama asiye na mtoto ni kama kumsimanga, na afadhali ukae nyumbani kwako ukamwombee. Kwa hiyo kwa heshima kabisa, kwa upendo hata, walimwacha peke yake, naye akajilaza akageukia ukuta wenye magazeti.

Mwanzoni nilidhani atalala siku moja aamke. Nilipika irio za mahindi na maharagwe ya kuponda kama nilivyofundishwa, nikamwekea kando ya kitanda, na jioni nikazikuta zimeganda juu kama zilivyo. Nilipika viazi. Nilichemsha maziwa niliyoomba kwa watu. Alikuwa akinywa maji, basi. Nikimwita "Maitu," mama kwa Kikuyu, alikuwa anafungua macho, ananitazama kwa upole kama anayetazama mtoto wa jirani, anayafunga tena. Mifupa ya shingo ilianza kutoka. Siku moja nilikuwa mferejini, nimeinama nyuma ya debe langu, na wanawake wawili hawakuniona. Mmoja akasema, "Huyo atamfuata mtoto wake, mtaona." Mwenzake akasema, "Na hawa wawili? Baba yao hajulikani alipo." Yule wa kwanza akajibu kwamba Kamau angepelekwa kwa mjomba Murang'a, na mimi nimeshakuwa mkubwa, ningetafutiwa nyumba ya mtu Thika nikalee watoto. Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga kupanda mboga. Nilibeba maji yangu nikaenda nyumbani, yakanimwagikia mgongoni njia nzima. Kuanzia hapo sikuwa na wazo lingine kichwani ila moja: Mama ale.

Sasa, Mama Nekesa. Chumba chao kilikuwa cha mwisho kwenye laini yetu, na walikuwa wamekuja kutoka Bungoma mwaka ule ule, mume wake Wafula akiwa mpishi katika nyumba kubwa ya Mzungu mwenye shamba. Niseme ukweli, watu wetu hawakuwapenda. Wanaume wetu walikuwa wamechukuliwa na hawa wameletwa, na hata kama si wao waliotuchongea, mtu mwenye njaa hatafuti haki, anatafuta wa kumnunia. Mferejini walikuwa wakimpisha Mama Nekesa bila kumsalimia. Yeye alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alisalimia kila mtu, ajibiwe asijibiwe. "Mulembe!" asubuhi, "Mulembe!" jioni. Nekesa alikuwa rika langu, tukaanza kuongea kwa siri, kisha wazi, maana watoto hawawezi kununa muda mrefu hivyo. Ni yeye aliyemwambia mama yake kwamba mama ya Wanjiru hali chakula.

Mama Nekesa alikuwa ameona jinsi wanawake wetu walivyokuwa wakibeba njahi kwa Mama baada ya kuzaa, akaweka akilini. Alikwenda akanunua njahi, akauliza zinavyopikwa bila kusema ni za nani, akaziponda na ndizi mpaka zikawa laini kabisa, akaingia kwetu mchana kweupe na bakuli limefunikwa kwa jani. "Mama Wanjiru, nimekuletea chakula chenu," akasema, akafunua. Ile harufu ikajaa chumba. Mama alilitazama bakuli. Halafu akavuta blanketi akajifunika kichwa, na chini ya blanketi tukasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku ya maziko. Kamau akakimbia nje. Mama Nekesa akabaki amesimama na bakuli lake.

Nilimfuata uani. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huruma, na kwa umri ule sikujua kuvitenganisha. Nikamwambia, "Hiyo ni ya mwenye mtoto." Alielewa mara moja. Aliketi juu ya jiwe la kufulia, akashika kichwa. "Yaani nimemletea matanga upya," akasema. Halafu, na hapa ndipo namheshimu mpaka leo, hakwenda zake akajificha kama ambavyo wengi wangefanya. Alipangusa macho kwa pembe ya leso akaniambia, "Haya, mama, nifundishe. Nikileta uji?" Nikasema uji ni wa mzazi vile vile. "Nyama?" Nikasema kwetu mnyama huchinjwa kwa jambo, na jambo gani sasa? "Kuku?" akauliza, kisha akajijibu mwenyewe, "Hapana, kwetu kuku ni wa mkwe na wa msiba." Akatafuta tena, akashindwa. "Kwani kila chakula cha dunia hii kina mwenyewe?"

Wafula alikuwa mlangoni kwao akisugua viatu vyake vya kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfupi kuliko mkewe, na alipozungumza hakuinua kichwa. "Kuna kile cha memsabu cha saa kumi," akasema. Mkewe akamuuliza kipi. "Vile vikeki vya jamu. Havipikwi kwa mtu kuzaliwa, havipikwi kwa mtu kufa. Havina maana yoyote. Vinaliwa kwa sababu saa kumi imefika." Kisha Mama Nekesa akacheka, kicheko kikubwa kilichotoka tumboni, akasema, "Wazungu nao! Basi tumpikie hicho."

Kusema ni rahisi. Wafula hakuweza kutoa hata kijiko cha sukari katika stoo ya watu, angepoteza kazi na pengine zaidi ya kazi. Lakini Mama Nekesa alikuwa na kaka Thika, kwenye kiwanda cha kufunga matunda kwenye mikebe, na mananasi yaliyopondeka hawakuyafunga, wafanyakazi walijichukulia. Akaomba nafasi kwenye lori la shamba lililokuwa likipeleka kahawa, na akaniomba niende naye kumsaidia kubeba. Nilimwachia Nekesa Mama na Kamau. Kabla ya mji kulikuwa na kizuizi, Mkikuyu asiye na kibali hakupita, na askari akapanda akatutazama sote juu ya magunia. "Huyu mtoto ni wa nani?" Mama Nekesa akajibu, "Wangu," kama anayejibu saa ngapi. Askari akanigeukia akasema nisalimie kwa lugha ya nyumbani. Neno nililokuwa nalo lilikuwa moja, nikalitoa: "Mulembe." Nililitamka Kikikuyu kabisa, nina hakika hata kahawa ilicheka. Yule askari akanitazama, akamtazama Mama Nekesa, na midomo yake ikacheza. Kumbe na yeye alikuwa wa huko kwao. "Mulembe muno," akasema, akashuka, akapungia lori lipite. Mkono wa Mama Nekesa ulikuwa umeshika gauni langu kwa nyuma, na haukuliachilia mpaka tukafika.

Thika ilikuwa inanuka mkonge unaooza, sisi watu wa Ruiru tulikuwa tukisema wenyeji hawaisikii tena harufu hiyo. Kaka yake alitupatia mananasi kwenye gunia, na kwa Mhindi mwenye duka la veranda ya mbao tukapata unga wa ngano, samli na sukari guru. Usiku ule Mama Nekesa hakuwasha moto, kafyu ilikuwa kali. Alianza mapema asubuhi, akachemsha nanasi na sukari mpaka laini nzima ikatoka kuangalia. Wanawake waliokuwa hawamsalimii walijikuta wana shughuli karibu na mlango wake. Hata yule wa mferejini alikuja kuomba moto na moto wake ulikuwa unawaka.

Kinyunya ndicho kilichotushinda. Mimi na Mama Nekesa tulikuwa wanawake wa kukanda. Nilifundishwa kwamba mikono isiyochoka kwenye unga ni mikono ya mvivu, na yeye alikuwa anasonga ugali wa wimbi na ugali wa mtama. Tulimwaga maji moto, tukakanda kama chapati za Krismasi, kwa zamu, tukitoka jasho, tukajipongeza. Tulikata duara kwa mdomo wa kikombe, tukapanga juu ya vifuniko vya mikebe, tukatia jamu, tukasukuma ndani ya debe lililolazwa ubavu, makaa chini, makaa juu. Vilitoka vizuri kuangalia. Nekesa aliuma kimoja, akakitoa mdomoni akakigonga kwenye jiwe, na kikalia. Wafula aliporudi kwa mapumziko ya mchana alikichukua, akakigeuza, akasema, "Mmekanda." Tukasema ndiyo, sana. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hiki usikande. Kiguse tu. Maji baridi, ncha za vidole, halafu kiache. Ukikionyesha nguvu kinakuwa jiwe." Mama Nekesa akauliza ni mpishi gani huyo asiyetaka kuchoka. Lakini alinawa mikono kwa maji ya mtungi mpaka ikapoa, akaanza upya, akisugua samli na unga kwa ncha za vidole, taratibu, na uso wake mkubwa ulikuwa na adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Tulisimama pale tukimtazama akijizuia.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Watu wetu walikuwa wamejaa upendo na upendo ule ulikuwa na njia zake, na njia zote zilikuwa zimezibwa na kaburi dogo. Wanasema mwacha mila ni mtumwa, na mimi mila sijaiacha, wajukuu wangu wote waliozaliwa nimewapondea mama zao njahi kwa mkono huu. Ila najua pia kuna siku mila inakosa la kufanya, inakaa pembeni na mikono mapajani, na hapo anahitajika mtu asiyejua. Afadhali yule anayekosea akarudi kuliko yule anayejua akakaa kwake. Nilimwambia Nekesa hivyo Jumapili ile, akasema mama yake angefurahi kusikia, maana alikufa akiamini alituletea matanga mara ya pili. Walirudi Bungoma Mzungu alipouza shamba, na hakuna aliyepata kumshukuru vizuri. Hilo liliniuma. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa alasiri, jua limeingia chumbani hadi kwenye miguu ya kitanda. Mama Nekesa hakutaka kuingia mwenyewe, alisema amevunja vya kutosha. Alinipa sahani, ya bati, yenye vikeki vitano, bado vina moto. Nilimwekea Mama kando ya mto wake nikasema, "Maitu, kuna kitu." Sikusema kula. Alifungua macho. Alikitazama kimoja kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni, na hakukumbuka, kwa sababu hakikuwa na jina kwetu. Hakikuwa na Wambui ndani yake, wala Baba, wala maziko, wala Krismasi. "Ni nini hiki?" akauliza. Nikamwambia ni chakula cha Wazungu cha saa kumi. "Wanakila kwa nini?" Nikasema, "Wafula anasema hawana sababu."

Alitoa mkono ndani ya blanketi. Ukingo ulivunjika mara tu alipoushika, vipande vikamwangukia kifuani, akaviokota kimoja kimoja akavitia mdomoni, polepole. Kisha jamu. Nilikuwa nimeshika mguu wa kitanda. Alikimaliza. Akachukua cha pili, akakimaliza nacho, machozi yakimtiririka bila sauti, huku anatafuna. Mlangoni nilisikia watu, Mama Nekesa, na nyuma yake wanawake wetu. Mama akanyoosha mkono kwa cha tatu, akakishika, akausimamisha mkono hapo hapo. Akageuza kichwa akamtazama Kamau aliyekuwa amechuchumaa karibu na meko, kisha mimi, akatutazama kweli, kuanzia nywele hadi miguu, kama amerudi kutoka safari akatukuta tumeachwa.

"Na nyinyi," akasema, "leo mmekula nini?"

Kamau ndiye aliyesema, "Bado." Mama akakirudisha kile kikeki sahanini, akaweka miguu yake chini, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia nimpe sufuria.